Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Funzo la Hitilafu ya Kiini cha Linux ya Mwaka 2008

Wahenga waliacha methali mbili ambazo, zikiwekwa bega kwa bega, hupingana kuhusu namna ya kumtafuta mkosaji. Ya kwanza hunena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya pili hunena: kikulacho ki nguoni mwako. Anayeifuata ya kwanza huamini uvumi. Akiona wengi wananyoosha kidole upande mmoja, naye hunyoosha chake. Anayeifuata ya pili huanza kwa kukung'uta nguo zake mwenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba usomi hauna budi kuegemea ile ya pili. Msimamo huo unatetewa hapa kwa kisa ambacho hakikuzuka katika fasihi wala katika isimu, bali ndani ya tarakilishi. Nacho ni kisa cha hitilafu iliyoharibu kadi za mtandao mnamo mwaka 2008, na ambayo chanzo chake kilitafutwa kwa majuma kadhaa mahali pasipo pake. Kisa hicho kinawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa sababu wao pia wana mshtakiwa wao wa kudumu, naye ni Sheng.

Kabla ya kuingia katika kisa chenyewe, yafaa maneno machache yafafanuliwe. Kila tarakilishi huendeshwa na programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Katikati ya mfumo huo mna kiini. Kiini ndicho kigawacho kumbukumbu, kipangacho zamu za programu zinazotaka kufanya kazi, na kiongeacho na vifaa kama vile diski, skrini na kadi ya mtandao. Kwa kuwa kila kifaa kina lugha yake, kiini huhitaji mkalimani kwa kila kimoja. Mkalimani huyo ni programu ndogo iitwayo kiendeshaji. Linux, ambacho ndicho kiini kinachozungumziwa hapa, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Msimbo wake hauna siri. Yeyote aujuaye aweza kuusoma, kuukosoa na kupendekeza marekebisho, na waandishi wake wametawanyika katika nchi nyingi.

Mnamo Septemba 2008, toleo la kiini hicho lililopewa nambari 2.6.27 lilikuwa bado katika majaribio. Wasambazaji mbalimbali walikuwa wamelitia katika mifumo waliyokuwa wakiiandaa, ikiwemo Ubuntu 8.10 na openSUSE 11.1. Baadhi ya watu waliojitolea kuijaribu mifumo hiyo walikumbana na jambo la kuogofya. Kadi za mtandao za kampuni ya Intel, za aina inayoendeshwa na kiendeshaji kiitwacho e1000e, zilikufa. Hazikusimama kwa muda kisha zikaamka, kama ilivyo desturi ya programu yenye kasoro. Mtu aliizima tarakilishi na kuiwasha upya, akarudi hata kwenye toleo la zamani lililokuwa likifanya kazi vyema, na bado kadi ikabaki mfu.

Sababu ya kufa huko ilionekana upesi. Kila kadi ya namna hiyo ina kumbukumbu ya kudumu, yaani isiyofutika umeme ukikatika. Humo huhifadhiwa anwani ya pekee inayoitambulisha kadi, mipangilio yake, na tarakimu ya ukaguzi inayothibitisha kwamba yaliyomo ni salama. Kumbukumbu hiyo ilikuwa imevurugwa. Kiendeshaji kilipokagua tarakimu na kukuta hailingani na yaliyomo, kilikataa kuiamsha kadi. Swali likabaki moja: ni nani aliyeandika mahali pasipofaa kuandikwa?

Mshukiwa wa kwanza hakuhitaji kutafutwa. Kiendeshaji cha e1000e ndicho kilichokuwa na kazi ya kuongea na kadi, ndicho kilichokuwa na ufunguo wa kumbukumbu yake, na ndicho kilichotangaza msiba. Wasambazaji walitoa tahadhari, na Ubuntu ilikizima kabisa kiendeshaji hicho katika mfumo wake wa majaribio ili kuokoa kadi za watu. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, kwani moto ukiwaka huzimwa kwanza kabla ya kuulizwa ulianzia wapi. Kosa lingekuwa kuidhani tahadhari kuwa hukumu.

Wataalamu waliupekua msimbo wa kiendeshaji hicho, na ama kwa hakika walikuta kasoro. Mlikuwa na sehemu ambazo shughuli mbili zingeweza kuingia kwa pamoja katika kumbukumbu ya kadi bila kufuli ya kuzipanga zamu. Kasoro hizo zilikuwa za kweli na zikarekebishwa. Hata hivyo, hazikutosha kueleza uharibifu ulioonekana. Hapa ndipo penye funzo la kwanza, nalo ni zito kuliko linavyoonekana: kupata kosa ndani ya mshukiwa si ithibati kwamba ndilo kosa linalotafutwa. Mtu aliyepekuliwa kwa tuhuma za wizi wa ng'ombe akakutwa na kuku asiyemwelezea, ana kesi ya kuku. Ng'ombe bado hajapatikana.

Mshukiwa wa pili alikuwa programu inayosimamia michoro ya skrini. Baadhi ya walioathiriwa walisema kwamba kadi zao zilikufa karibu na wakati ambapo skrini ilipata matatizo. Programu hiyo nayo ina idhini ya kugusa vifaa moja kwa moja, kwa hiyo shutuma haikuwa ya kijinga. Lakini mambo mawili kutokea pamoja hakumaanishi kwamba moja limelizaa jingine. Jogoo huwika na jua likachomoza, na hakuna aaminiye kwamba jogoo ndiye avutaye jua.

Ikumbukwe kwamba waandishi wa kiini wana njia yao ya kawaida ya kutafuta chanzo cha hitilafu, nayo ni kugawanya kwa nusu. Baina ya toleo la 2.6.26 na lile la 2.6.27 kulikuwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Mtafiti huchukua hali ya msimbo iliyo katikati ya matoleo mawili na kuijaribu. Ikiwa nzima, mkosaji yumo katika nusu ya baadaye. Ikiwa na ugonjwa, mkosaji yumo katika nusu ya awali. Nusu iliyobaki hugawanywa tena, na tena. Kwa njia hiyo, majaribio yapatayo 14 hutosha kumfikia mkosaji mmoja kati ya 10,000.

Njia hiyo nzuri ilikabiliwa na vikwazo viwili. Kwanza, kila jaribio lililofaulu kuamsha ugonjwa liliua kadi. Ndiyo maana watu walishauriwa kunakili kwanza yaliyomo katika kumbukumbu ya kadi, ili waweze kuyarejesha baadaye. Pili, ugonjwa haukuja kila ulipoitwa. Tarakilishi moja iliweza kuwashwa mara nyingi bila dhara, kisha siku moja ikapatwa. Kwa hiyo, jaribio lisiloonyesha dhara halikuthibitisha kwamba msimbo ulikuwa salama. Mtafiti mwenye haraka angetangaza ushindi mara kumi na kuaibika mara kumi.

Wakati huohuo, Intel ilitengeneza kinga: kumbukumbu ya kadi ifungwe isiandikike. Kinga hiyo iliingizwa kabla ya toleo la 2.6.27 kutolewa rasmi tarehe 9 Oktoba 2008. Dhara likazuiwa, na wengi wangeridhika hapo. Lakini kuufunga mlango hakumfichui mwizi. Mkono ulioandika mahali pasipo pake ulikuwa bado umo ndani ya kiini, na kesho ungeweza kugusa kitu kingine kisicho na mlango.

Tarehe 15 Oktoba 2008 lilitolewa toleo la marekebisho, 2.6.27.1. Lilibeba badiliko moja tu, nalo halikuhusu kiendeshaji cha e1000e wala programu ya skrini. Lilizima namna mojawapo ya utendakazi wa chombo kiitwacho ftrace. Chombo hicho kilikuwa kimeingia katika kiini kwa mara ya kwanza katika toleo hilohilo la 2.6.27, na kazi yake ni kufuatilia mwenendo wa kiini ili waandishi wajue wakati unapotelea wapi na mambo yanaharibikia wapi. Kwa maneno mengine, chombo kilichowekwa ili kusaidia kusaka hitilafu ndicho kilichokuwa hitilafu.

Namna kilivyoleta dhara ni jambo la kufuatwa hatua kwa hatua. Msimbo wa kiini umegawanyika katika vipande vidogo vyenye kazi maalumu, viitwavyo fanksheni. Ili ftrace ijue fanksheni gani imeitwa, kila fanksheni huwekewa mlangoni mwake wito mdogo wa kujitambulisha. Wito huo ukiachwa ufanye kazi wakati wote, tarakilishi hupungua kasi. Kwa hiyo, ufuatiliaji usipohitajika, ftrace huuondoa wito na kuweka mahali pake amri isiyofanya lolote. Katika toleo la 2.6.27, kazi hiyo ilifanywa kwa hatua mbili. Fanksheni ilipoitwa kwa mara ya kwanza, anwani ya wito wake iliandikwa katika orodha. Baadaye msaidizi aliyekuwa akiamka kila sekunde aliipitia orodha na kuondoa wito mmoja baada ya mwingine.

Baina ya hatua hizo mbili mna mwanya. Zipo fanksheni zinazohitajika mara moja tu, wakati sehemu fulani ya kiini inapoanza kazi. Zikimaliza, kumbukumbu zilimokaa hurudishwa ili zitumiwe na wengine. Ikiwa jambo hilo lilitokea kabla ya msaidizi kuamka, anwani ilibaki katika orodha ilhali nyumba ilikuwa na mpangaji mpya. Katika mikosi michache, mpangaji huyo mpya alikuwa kumbukumbu ya kudumu ya kadi ya mtandao, ambayo kiini hupatiwa njia ya kuifikia kwa kupewa anwani kama kumbukumbu nyingine yoyote.

Haifai kusema kwamba mwandishi wa ftrace alikuwa mzembe. Msaidizi hakuandika kwa pupa. Alitumia amri ya prosesa iitwayo cmpxchg, ambayo hulinganisha kwanza kilichomo na kilichotarajiwa, kisha hubadilisha ikiwa vinalingana. Kwa mtazamo wa kawaida hiyo ni tahadhari ya kutosha. Lakini katika prosesa za jamii ya x86, amri hiyo hupeleka maandishi hata pale ulinganisho unaposhindwa. Hurudisha tu kile kilichokuwamo. Katika kumbukumbu ya kawaida jambo hilo halina madhara, maana kilichoandikwa ni kilekile. Katika kumbukumbu ya kifaa mambo ni mengine, kwa kuwa kitendo chenyewe cha kuandika huweza kupokewa kama amri. Kadi ilipokea amri ambayo hapakuwa na aliyekusudia kuitoa, ikaharibika.

Nguvu ya maelezo haya imo katika kwamba yanajibu maswali yote kwa pamoja. Yanaeleza kwa nini dhara lilianza na toleo la 2.6.27 na si kabla yake. Yanaeleza kwa nini halikutokea kila mara, kwani lilihitaji anwani mbili zikutane kwa bahati mbaya katika muda mfupi. Yanaeleza pia kwa nini upekuzi wa kiendeshaji haukumaliza kesi. Shutuma za awali zilijibu swali moja moja. Maelezo haya hayakuacha swali nje.

Jambo jingine la kuheshimiwa ni mwenendo wa waliohusika. Steven Rostedt, mwandishi mkuu wa ftrace, hakujificha. Alieleza hadharani jinsi chombo chake kilivyoleta maafa, na muundo wake ukabadilishwa. Katika toleo la 2.6.28, lililotolewa Desemba 2008, anwani za wito ziliorodheshwa mapema wakati msimbo unapotayarishwa, na wito ukaondolewa kabla sehemu husika haijaanza kazi. Msaidizi wa kila sekunde akaachishwa kazi. Ftrace haikutupwa, na hadi leo imo katika Linux na hutumiwa na wengi. Mficha uchi hazai, na kasoro iliyokiriwa ndiyo iliyozaa chombo bora.

Sasa na tuhuma zigeuzwe zielekee nyumbani. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Tangu hapo, alama za somo hilo zinaposhuka, jina linalotajwa kwanza ni Sheng. Hutajwa na wazazi, hutajwa na walimu, hutajwa katika mijadala ya redio, na hutajwa katika tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu ambao hawakupaswa kulitaja bila kulichunguza. Sababu ya kutajwa ni ileile iliyomponza e1000e. Sheng huonekana mahali pa tukio. Insha mbovu ikifunguliwa, neno la Sheng halikosi kuchungulia.

Hoja hapa si kwamba Sheng haina lawama. Neno la Sheng katika insha rasmi ni kosa la sajili, na mwalimu ana haki ya kulikosoa, kama vile wataalamu walivyokuwa na haki ya kurekebisha kufuli za kiendeshaji. Hoja ni kwamba kosa hilo moja halitoshi kueleza mengine yote. Chukua mfano wa upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi anayeandika "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu" huambiwa kwamba Sheng imemharibu. Lakini ulegevu wa upatanisho wa ngeli ulikuwamo katika Kisetla, kile Kiswahili cha mashambani na majikoni mwa walowezi wakati wa ukoloni. Umo pia katika Kiswahili cha bara cha wazee ambao hawajawahi kuzungumza Sheng maishani mwao. Ugonjwa uliokuwapo kabla ya mshtakiwa kuzaliwa hauwezi kuandikwa wote katika jina lake.

Fauka ya hayo, kuna swali ambalo huulizwa kwa nadra: je, chombo cha kupimia kiko salama? Mtihani uliwekwa ili kufuatilia umilisi wa lugha, kama ftrace ilivyowekwa ili kufuatilia kiini. Lakini mtihani ukikua hadi ukayameza masomo, mwanafunzi huacha kusoma riwaya akasoma mwongozo wake. Huacha kuandika insha akakariri tamathali za kupamba aya ya kwanza. Huacha kuzungumza akajaza mapengo. Lugha inayofunzwa kwa ajili ya kupimwa hupungua kwa kitendo chenyewe cha kupimwa, na karatasi ya mtihani huja kutangaza upungufu ambao yamkini imechangia kuuleta. Hii ni tuhuma, na kama tuhuma nyingine yoyote inastahili kujaribiwa kabla ya kuaminiwa.

Huenda baadhi ya wasomi wakasema kwamba darasa si tarakilishi na watoto hawagawanywi kwa nusu. Ni kweli. Hata hivyo, mantiki ya kugawanya haihitaji kumkata mtu. Shule zilizo mahali ambapo Sheng imeenea zaweza kulinganishwa na shule zilizo mahali ambapo haisikiki sana, huku idadi ya vitabu, ukubwa wa madarasa na maandalizi ya walimu vikizingatiwa. Insha za watahiniwa zaweza kuhesabiwa kosa kwa kosa, na kila kosa likaulizwa asili yake: ni la Sheng, ni athari ya lugha ya mama, ni la tahajia, au ni la mtu asiyesoma vitabu? Utafiti wa namna hiyo unachosha. Hauna mvuto wa kulaani Sheng jukwaani. Lakini majaribio ya mwaka 2008 nayo yalichosha, na yaligharimu kadi.

Gharama ya kumhukumu asiye mkosaji haimwangukii yeye peke yake. Lau wanaprogramu wangeridhika na hukumu ya kwanza, kiendeshaji kingetupwa na mkono mharibifu ungebaki ndani ya kiini. Vivyo hivyo, ikiwa Sheng itapigwa marufuku katika kila uwanja wa shule ilhali maktaba ni tupu, miongozo imechukua nafasi ya riwaya na upatanisho haufunzwi ipasavyo, basi Kiswahili kitaendelea kudidimia na hapatakuwa na wa kulaumiwa tena. Ni jukumu la wanafunzi wa uzamili na wahadhiri wanaowasimamia kukataa tasnifu zinazoanza na hukumu na kuishia kwa hukumu ileile. Atakayeichagua Sheng kama mada ya utafiti wake, na aanze kwa kuandika orodha ya washukiwa wote, jina la somo lake mwenyewe na la mtihani wake yakiwemo, kisha awaondoe mmoja mmoja kwa ushahidi.